Vilivyozidi Miaka Kumi

Ipo nchi ambayo jina lake lilifungiwa kabatini na ufunguo ukapotea, kwa hiyo tutaiita nchi hiyo, na wenyewe hawatakasirika. Ndani yake umo mji wa Mbwegele, na mji huo una Halmashauri inayopenda kazi kupita kiasi. Madiwani wake hukaa vikao hata siku ambazo hakuna jambo, ili jambo likitokea liwakute wamekaa.

Mwaka huo Halmashauri ilikuwa na kamati tatu: ya Hali ya Hewa, ya Usafiri, na ya Watoto Wasio na Walezi. Mwenyekiti, Mheshimiwa Masumbuko Luhende, aliziunganisha zikawa moja.

"Ndugu madiwani," alisema, "tukitazama kwa kina, mambo haya matatu ni jambo moja. Hewa inapita. Magari yanapita. Watoto nao wanapita. Wajibu wetu sisi ni kubaki."

Makofi yalipigwa kwa dakika nne.

Kamati mpya ilianza na hali ya hewa. Joto lilipigwa marufuku kuzidi nyuzi ishirini na nne saa za kazi. Kipimajoto pekee cha mji kilitundikwa ofisini kwa Mwenyekiti, chini ya kiyoyozi, na tangu siku hiyo joto halijavunja sheria. Kisha wakaja kwenye misitu. Karatasi ni miti, alisema Mwenyekiti, na anayeandika sana anakata sana. Hapo akasimama Karani wa Kumbukumbu, Bwana Zuberi Mkumbukwa, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akatoa ushauri uliomfanya awe maarufu. Majina yote yaondolewe katika maandishi ya Halmashauri, vibaki vitenzi.

"Lugha yetu imebarikiwa," alieleza. "Ukiandika kimevunjika, kila mtu anajua ni kitu. Ukiandika amevunjika, kila mtu anajua ni mtu. Jina la nini tena?"

Ikapita. Inakadiriwa kwamba azimio hilo liliokoa miti mitatu, ingawa miwili ilikatwa baadaye kutengeneza fremu ya kulitundikia azimio lenyewe.

Ndipo wakafikia usafiri. Waliamua kwamba vyombo vya usafiri vya Halmashauri vilivyozidi miaka kumi viondolewe, maana vinachafua hewa, na vilivyobaki vipakwe rangi ya kijani. Mwishoni, chai ikiwa imeshaanza kunukia, wakawakumbuka watoto. Mwenyekiti alikuwa na huruma siku hiyo. "Na vile vitoto vyetu vya kule mlimani," alisema, "vipewe uji kila asubuhi, vifunikwe wakati wa baridi, visiachwe kwenye mvua."

Bwana Mkumbukwa aliandika kila neno kama alivyolisikia, akaondoa majina kama sheria ilivyotaka. Kumbukumbu zikatoka hivi: *Vilivyozidi miaka kumi viondolewe. Visivyozidi vipakwe rangi. Vipewe uji. Vifunikwe. Visiachwe kwenye mvua.*

Zikagongwa muhuri, zikatumwa mahali pawili.

*

Huko mlimani kulikuwa na Nyumba ya Malezi ya Halmashauri, na mlezi wake aliitwa Mama Sikuzani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na kitu kilichomtambulisha kwa watu ni funguo zake, kwa sababu alikuwa hatulii nazo. Akiwa na wasiwasi alizizungusha kidoleni, na kwa kuwa wasiwasi haukumpungua, watoto walijua alipo kwa mlio.

Alikuwa mtu wa sala. Alimwomba Mungu juu ya mambo makubwa na madogo, hata juu ya mtihani, kwa maana mwaka ule alikuwa anasoma. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alishuka hadi shule ya msingi akaketi na watu wazima wenzake kwenye madawati yaliyombana magoti. Kusoma alishajua, polepole, kidole kikitangulia. Sasa Mwalimu Ndimbo alikuwa amewafikisha kwenye ngeli. Mama Sikuzani alizifanyia mazoezi mezani kwa sauti, watoto wakila.

"Kiti kimevunjika. Viti vimevunjika," alisema. "Mpishi kimechoka."

"Amechoka," watoto waliitikia wakicheka.

Aliyekuwa hacheki ni Sudi, wa miaka sita. Huyo hakucheka wala hakusema. Tangu alipoletwa pamoja na dada yake Mwanaidi, wa miaka kumi na mmoja, ilikuwa miezi minane, na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake isipokuwa dada yake, tena kwa kunong'onezwa. Alishika mkanda wa gauni la Mwanaidi. Dada akienda kisimani, naye kisimani. Dada akikaa, naye chini. Siku ya kwanza langoni, Mwanaidi alimtazama Mama Sikuzani akauliza jambo moja tu: "Hapa huwa mnatenganisha?" Mama Sikuzani akajibu, "Hapa hatutenganishi." Hakuwa ameulizwa na mtu mwingine jambo lolote zito kuliko hilo maishani mwake.

Mwezi mmoja baada ya kile kikao, Jumatatu asubuhi, barua ikaja. Ililetwa na fundi rangi mwenye ndoo mbili. Mzee Kibonge, mlinzi wa lango, alimpeleka hadi barazani.

"Shikamoo mama," alisema fundi. "Nimekuja kwa visivyozidi."

"Marahaba. Visivyozidi nini?"

"Miaka kumi. Nimeambiwa vipo humu. Vinahitaji mikono miwili ya rangi, na visiguswe mpaka vikauke."

Mama Sikuzani alichukua barua, akatanguliza kidole. Aliisoma mara tatu. Chini ilikuwa imeongezwa kwa mkono: *Vilivyozidi vitachukuliwa Ijumaa saa sita, vipelekwe Bohari ya Vilivyokwisha, wilaya ya pili.* Kati ya watoto wa nyumba ile aliyezidi miaka kumi alikuwa mmoja tu, Mwanaidi.

Funguo zikaanza kulia.

"Baba," alimwambia fundi, "humu kuna watoto. Unataka kumpaka mtoto rangi?"

"Mimi sitaki, mama yangu. Mimi natumwa." Alichungulia ndani, akaona vichwa saba mezani. Alikuwa mtu mwema, na uso ukamsawijika. "Lakini nikirudi na rangi ndooni wataniuliza."

Wakakubaliana apake lango. Alilipaka vizuri, mikono miwili. Akiwa anaondoka akakumbuka kiapo chake cha kazi, akainama, akamgusa Sudi kisigino kwa ncha ya brashi, tone moja la kijani, akaandika kwenye daftari lake: *Vimepakwa.*

*

Jumanne Mama Sikuzani alikuwa mlangoni kwa Bwana Mkumbukwa kabla mlango haujafunguliwa. Hakuweza kukaa kwenye benchi. Alitembea kutoka dirisha hadi dirisha, na ukutani akalisoma lile azimio katika fremu yake.

"Mwanangu," alianza, karani alipomkaribisha, "nimeletewa barua iliyokosewa."

"Haiwezekani, mama."

"Hujaiona bado."

"Sina haja ya kuiona. Kumbukumbu zikishapitishwa hazikosei. Kinachoweza kukosea ni yale yaliyotokea." Alisema hivyo kwa upole, kama daktari anayempa mgonjwa habari.

"Hii ya kuondolewa ilikuwa ya magari, mji mzima umesikia. Nyie mmeipeleka kwa watoto."

Karani alinyoosha mkono haraka kama mtu anayezuia ajali. "Mama, tafadhali. Umetaja majina mawili ndani ya ofisi ya serikali."

"Nitasemaje basi?"

"Sema yaliyo kwenye maandishi. Vilivyozidi. Je, kwako vipo vilivyozidi miaka kumi?"

"Yupo aliyezidi."

"Hapana. Vipo au havipo?"

Mama Sikuzani aliikunja barua. Jumla ya elimu yake yote ya ngeli ilikuwa wiki sita, lakini aliona waziwazi shimo lilipo, na akaona pia kwamba aliyelichimba ameketi juu yake na kalamu tatu. Aliuliza marekebisho hufanywaje. Akaambiwa hufanywa na kikao kamili, na kikao kamili ni baada ya miezi mitatu, ila kuna kikao kifupi Ijumaa saa nne cha kumpokea Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwenda kwa ndege kuhudhuria warsha juu ya madhara ya ndege.

"Saa nne ni kabla ya saa sita," alisema Mama Sikuzani.

"Hilo siwezi kulithibitisha," alisema karani, "mpaka liandikwe."

*

Jumatano alikwenda kutafuta upande wa pili wa barua. Kama magari ya Halmashauri yameletewa sentensi zilezile, basi huenda dereva akamshuhudia.

Gereji ya Halmashauri ilikuwa na basi moja lililotembea na mawili yaliyokumbuka kutembea. Dereva, Shomari, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi na bakuli la uji mapajani. Alikuwa amenenepa tangu Mama Sikuzani alipomwona mara ya mwisho. Basi lilikuwa limefunikwa blanketi mbili za manjano.

"Karibu uji, mama. Hapa hauishi."

"Uji wa nani huo?"

"Wa basi." Shomari alisonya kwa kicheko. "Mwezi mzima sasa. Kila asubuhi inakuja ndoo, wa ulezi, una maziwa. Kijana wa bohari anasimama hapo mpaka uishe. Siku ya kwanza nilimimina kwenye rejeta badala ya maji, akaniambia andika *vimekunywa*. Likachemka mpaka sokoni. Sasa nanywa mimi kwa niaba yake."

Mama Sikuzani alitazama zile blanketi. Alikuwa ameziomba kwa barua mara mbili, mwezi wa sita. Uji wa asubuhi nyumbani ulikuwa umekatika mwezi mzima, na yeye alidhani ni ukame. Alimwomba Mungu ampe subira kwa kiasi cha kumfikisha mwisho wa sentensi.

"Na hili basi lako lina miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mbona halijaondolewa?"

"Ah. Hili linavuta." Alielekeza bakuli nyuma ya basi. Kulikuwa na tela dogo la mizigo, limefungwa kwa mnyororo. "Sheria ndogo namba tisa, ya zamani hiyo, hakuna aliyewahi kuifuta. *Kinachovuta na kinachovutwa ni kimoja. Visitenganishwe. Umri huhesabiwa kwa kidogo.* Tela lina miaka sita, kwa hiyo na basi lina miaka sita. Kisheria bado ni jipya."

Mama Sikuzani alizizungusha funguo mara moja, zikasimama.

"Irudie hiyo, baba," alisema. "Polepole."

*

Wazo lile halikumpendeza. Alhamisi jioni alikwenda darasani nalo kama mtu aliyebeba kitu chini ya kanga, na wenzake walipoondoka akabaki.

"Mwalimu, mtoto anaweza kuwa ki?"

Mwalimu Ndimbo alikuwa anafuta ubao. "Anaweza kuitwa kitoto. Kitoto kimelala. Si kosa la sarufi."

"Kwa hiyo Halmashauri wana haki?"

"Nimesema si kosa la sarufi. Sikusema si kosa." Akaweka kifutio chini. "Mtu ni a. Akiwa mdogo, akiwa mgonjwa, akiwa hana wazazi, bado ni a. Ukimwita ki, yeye hajabadilika. Umebadilika wewe unayemtazama. Kwa nini unauliza?"

"Kesho nitasimama mbele za watu."

"Basi sema hivyohivyo."

"Na wakikataa?"

Mwalimu alikiokota kifutio, akaendelea kufuta ubao. Mama Sikuzani alipanda mlima haraka haraka, akasali muda mrefu kuliko kawaida. Hakumwomba Mungu ushindi. Aliomba asilazimike kulitumia wazo lile.

*

Ijumaa saa nne ukumbi ulijaa. Nje jua lilikuwa kali kiasi kwamba mbwa wa sokoni walilala ndani ya mtaro, lakini kipimajoto kilileta taarifa ya nyuzi ishirini na mbili, na madiwani wakavaa makoti. Mama Sikuzani aliketi nyuma na Mwanaidi kulia, na Sudi nyuma ya Mwanaidi, mkanda mkononi. Gari la kuchukua vilivyozidi lilikuwa limeshaegeshwa uani.

Baada ya Mwenyekiti kueleza jinsi mawingu yanavyoonekana kwa juu, Mama Sikuzani aliruhusiwa dakika tano. Alisimama. 

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni mwanafunzi. Nimefundishwa kwamba mtu ni a, na watu ni wa. Walio kwangu ni wa. Naomba palipoandikwa *vilivyozidi* pasiwahusu, na palipoandikwa *vipewe uji* pasomeke *wapewe*. Ni hayo tu."

Ukumbi uliguswa. Diwani mmoja alitoa leso. Mwenyekiti akamsifu kama mama wa mfano, akapendekeza apewe cheti. Kisha akamgeukia karani.

"Marekebisho haya yatagharimu nini?"

Bwana Mkumbukwa alisimama. "Kumbukumbu zimechapwa nakala mia nne, Mheshimiwa. Kubadili vi kuwa wa ni kuzichapa upya."

"Yaani karatasi."

"Yaani msitu, Mheshimiwa."

Minong'ono ikapita. "Kumbe mama huyu," alisema Mwenyekiti kwa huzuni, "anataka tukate msitu."

"Herufi ni mbili kwa mbili," alisema Mama Sikuzani. "Haziongezeki."

"Zinalingana kwa idadi," alikiri karani, "lakini si kwa wino. W ina miguu mingi."

Wakapiga kura. Msitu ukashinda kwa kura zote, na saa ya ukutani ikaonyesha saa tano na dakika hamsini. Uani dereva aliwasha gari. Mwanaidi hakulia. Aliinama, akaanza kuvifungua vidole vya Sudi kimoja kimoja kutoka kwenye mkanda wake, taratibu, kama mtu anayeifanya kazi aliyojua siku zote kwamba itamfikia.

Mama Sikuzani aliviona vile vidole.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwanafunzi tena. "Kinavuta."

"Nini?"

"Kilichozidi. Kinavuta. Sheria ndogo namba tisa."

Karani alishtuka, akafungua kabati, akapuliza vumbi, akasoma. Rangi ikamtoka, kisha ikamrudia, maana sheria ile haikuwa na jina hata moja ndani yake. Ilikuwa safi. "Ni kweli, Mheshimiwa. Kinachovuta na kinachovutwa ni kimoja."

"Kinavuta nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kidogo," alisema Mama Sikuzani. Akamwekea Sudi mkono begani. "Cha miaka sita."

"Hilo lithibitishwe."

Meza zikasogezwa. Mkaguzi wa Vyombo aliitwa na filimbi yake. Mwanaidi, aliyekuwa ameelewa kabla ya madiwani, alikirudisha kile kiganja kidogo kwenye mkanda na kukifunga kwa mkono wake.

"Kiende," alisema mkaguzi.

Mwanaidi akatembea. Sudi akafuata, hatua kwa hatua, kisigino cha kijani kikionekana na kupotea.

"Kikate kona."

Wakakata kona mbele ya meza kuu.

"Breki."

Wakasimama pamoja. Mkaguzi alijaribu kupita katikati yao akashindwa, akapiga magoti, akaukagua mkanda, akautikisa. "Kiunganishi ni imara," alitangaza. "Sijawahi kuona imara namna hii."

"Na hiki cha nyuma kimeshapakwa rangi," aliongeza karani, akionyesha kisigino, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli.

Mwenyekiti akagonga meza. Umri ulihesabiwa kwa kidogo. Kisheria Mwanaidi alikuwa na miaka sita. Walipewa stika ya duara ya kubandikwa mahali panapoonekana, ikaguliwe kila mwaka, na kwa kuwa sasa kimetambulika rasmi kuwa chombo, kikaandikiwa uji. Gari la uani liliondoka tupu, na katika taarifa ya mwezi lilihesabiwa kuwa limepunguza moshi.

*

Walipanda mlima jua likiwa utosini. Mwanaidi alitangulia, Sudi nyuma yake, na Mama Sikuzani wa mwisho na stika mkononi. Alikuwa amewaokoa, na hakuweza kuwatazama. Mara mbili alifungua kinywa kueleza, mara mbili akakifunga, na funguo zililia njia nzima. Alikuwa amesema ki. Wao walikosea kwa kutojua. Yeye alijua.

Langoni, Mzee Kibonge alikuwa ameketi na daftari jipya, maana amri ilikuwa imemfikia kabla yao kwamba kila chombo kiingiapo kiandikwe.

"Poleni na jua," alisema. Alilowesha ncha ya kalamu ulimini. "Haya mama, niandike nini?"

Mama Sikuzani alichoka ghafla, uchovu wa wiki nzima. Alilitazama lango la kijani, akaitazama ile stika.

"Andika vimefika," alisema kwa sauti ndogo. "Wanataka hivyo."

Kalamu iligusa karatasi.

"Wamefika."

Mzee Kibonge aliinua macho. Mwanaidi alikuwa amefunga kinywa, ametulia kabisa, hata kope hazichezi. Sauti ilikuwa imetoka nyuma yake, kavu, kama mlango uliokaa miezi minane bila kufunguliwa. Sudi alikuwa ameuachia mkanda. Alikuwa amenyoosha kidole kwenye daftari, pale hasa ambapo kalamu ilisimama, kama Mama Sikuzani anavyofanya akisoma.

"Wamefika," alirudia, polepole, kwa ajili ya mtu mzima ambaye bado anajifunza.

Mama Sikuzani alikaa chini palepale langoni. Funguo zilimtoka mkononi zikaanguka, na hakuziokota.

Mzee Kibonge alitazama barabarani, juu na chini, kama kuna wa Halmashauri. Kisha akaandika W, na miguu yake yote.